Kichocheo: Maana ya Neno na Kazi ya Kitu katika Kugeuza Hewa Ukaa kuwa Fueli

Kitenzi *chochea* kilikuwa cha jikoni kabla ya kuwa cha maabara. Mpishi huchochea moto kwa kusukuma kuni zilizokwisha kuungua ncha ziingie ndani ya mafiga. Mwenye taa huchochea utambi ili mwanga uzidi. Na mfitini huchochea watu hata wakagombana. Katika matumizi yote matatu pana jambo lisilosemwa lakini linalofahamika na kila msemaji, nalo ni kwamba anayechochea huongeza kitu: kuni huingia motoni, utambi hupandishwa unywe mafuta zaidi, na maneno hutiwa masikioni. Kutokana na kitenzi hiki wataalamu wa istilahi waliunda jina *kichocheo*, wakalipa kazi ya kutaja kile kitu ambacho wanakemia wa Ulaya hukiita kwa neno la asili ya Kiyunani, lililobuniwa na Mswidi Jöns Jacob Berzelius mwaka 1835. Jina limekubalika, limeingia katika kamusi na vitabu vya shule, wala makala haya hayakusudii kuliondoa. Yanakusudia kuonyesha kwamba maana ya jikoni imelifuata neno hata maabarani, na kwamba katika jambo moja la siku hizi, yaani juhudi ya kugeuza hewa ukaa kuwa fueli, maana hiyo humpoteza msomaji.

Habari huja mara kwa mara kwamba kichocheo kipya kimegunduliwa, chenye uwezo wa kugeuza gesi inayoipasha dunia joto iwe mafuta ya gari. Msomaji aliyelelewa na maana ya kuchochea hufahamu kwamba unga fulani hutiwa katika moshi, nao kwa nguvu zake wenyewe hufanya moshi ule uwake tena. Lau ingekuwa hivyo, gari lingekwenda kwa moshi wake na kila jiko lingejilisha. Haiwi hivyo wala haitakuwa. Kichocheo hakitoi nishati hata chembe. Hushiriki katika mmenyuko, hushikana kwa muda na vitu vinavyomenyuka, kisha hutoka kama kilivyoingia. Na kazi yake yote ni kuharakisha jambo ambalo kwa asili yake lingeweza kutokea bila ya kichocheo, ijapokuwa labda baada ya miaka elfu. Mjerumani Wilhelm Ostwald, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, ndiye aliyeliweka wazi jambo hili: kichocheo hubadili mwendo wa mmenyuko, hakibadili mwisho wake.

Yafaa kutazama mfano. Vijiji viwili vimetengwa na mlima, kimoja kiko juu na kingine chini. Anayetoka kijiji cha juu kwenda cha chini atafika mahali palipo chini kuliko alikotoka, lakini hana budi kwanza kuupanda mlima ulio katikati. Kichocheo si mtu anayemsukuma mgongoni. Ni kipenyo kilichopatikana katika mlima, njia nyingine isiyopanda sana. Wapitao kipenyo hicho huwa wengi zaidi kwa siku, lakini tofauti ya kimo baina ya vijiji viwili haikupungua hata shubiri. Tena kipenyo hupitika kwenda na kurudi: kichocheo kinachoharakisha muungano wa vitu viwili huharakisha kwa kiasi kile kile kutengana kwao, hata pande zote mbili zikafikia msawazo.

Lugha nyingine nazo zimehangaika na neno hili. Berzelius aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya chini na kulegeza, akifikiri juu ya vifungo vinavyofunguliwa. Waarabu hutumia jina linalotokana na *hafaza*, yaani kusukuma au kuhimiza, nalo liko karibu sana na kuchochea. Na Wachina vilevile wana neno lenye maana ya kuhimiza mabadiliko. Wajapani wana neno *shokubai*, linaloandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni kugusa, na ya pili ni mtu wa kati, ambaye katika mambo ya ndoa ndiye mshenga. Hapana shaka hilo ndilo lililolenga shabaha kuliko yote. Mshenga huenda kwa wazee wa binti na kurudi kwa wazee wa kijana. Bila yeye pande mbili zingeweza kutazamana miaka mingi bila kusema neno. Na ndoa ikisha fungwa, yeye hakuoa wala hakuolewa, bali yuko tayari kutumwa tena. Liko na jambo la pili katika mfano huu, nalo ndilo kubwa zaidi kwa makusudi ya makala haya: mshenga, hata awe hodari namna gani, halipi mahari. Hupunguza muda wa mazungumzo. Deni hubaki kwa mwenye kuoa.

Mahari ya hewa ukaa ni kubwa. Gesi hii, ambayo molekuli yake ina atomu moja ya kaboni na mbili za oksijeni, ndiyo kinachobaki baada ya kaboni kuungua. Ni majivu ya moto yaliyo katika hali ya gesi. Gramu 12 za kaboni zikiungua kabisa hutoa kilojuli 394 hivi za joto, na hewa ukaa inayotoka haina tena cha kutoa. Majivu hayawaki mara ya pili. Atakaye kuyarudisha yawe kuni hana budi kurudisha nishati ile iliyokwisha kutoka, pamoja na ziada, kwa kuwa hakuna kazi ya mwanadamu isiyovujisha.

Kuhusu majina ya gesi hii pana neno la kusema. *Hewa ukaa* ni istilahi nzuri, iliyochukua kaa la moto ikaliunganisha na hewa, ingawa kwa ukali wa kemia kitu hiki ni gesi mojawapo na hewa ni mchanganyiko wa gesi nyingi. *Gesi joto*, linalotumika kwa jumla ya gesi zinazozuia joto la ardhi lisitoke, limefaulu pia, kwani lingaliweza kufasiriwa neno kwa neno kuwa gesi ya nyumba ya kijani, na msomaji akafikiri habari za nyumba iliyopakwa rangi. Lakini kabla ya istilahi hizi zote watu wa Goma na vijiji vilivyo kando ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira walikwisha kuwa na neno lao. Katika mabonde madogo na mashimo ya nchi hiyo hewa ukaa hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama chini kama maji. Mbuzi aingiaye hufa, na mtoto vilevile. Mahali pa namna hiyo huitwa *mazuku*. Wengine wamelifasiri neno hili kuwa upepo mbaya. Sikio la Mswahili wa pwani huenda likasikia ndani yake *mzuka*, ijapokuwa kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili.

Hewa ukaa hii ilikuwa sehemu 280 katika milioni ya hewa kabla ya enzi ya viwanda. Vipimo vilipoanza kuchukuliwa juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii mwaka 1958, ilikuwa imefika 315 hivi. Sasa imepita 420. Kwa sababu hiyo shauku ya kuitafutia kazi imezidi. Lakini elimu yenyewe ni ya zamani kuliko wasiwasi huu. Mwanzo wake uko Toulouse, Ufaransa, ambako Paul Sabatier pamoja na padri Jean-Baptiste Senderens walikuwa tangu 1897 wakipitisha hidrojeni na gesi nyingine juu ya unga wa nikeli. Mwaka 1902 walitoa habari kwamba hewa ukaa ikichanganywa na hidrojeni na kupitishwa juu ya nikeli iliyopashwa joto la nyuzi 300 hivi za sentigredi, hutoka methani na maji. Methani huwaka vizuri. Ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songosongo na Mnazi Bay. Kwa hiyo mwaka ule majivu yaligeuzwa kuni, na Sabatier akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1912 pamoja na Mfaransa mwenzake, Victor Grignard.

Mmenyuko wa Sabatier una tabia moja inayowadanganya wengi: hutoa joto. Kila gramu 44 za hewa ukaa zinazogeuka hutoa kilojuli 165, na chombo kisipopozwa huweza kuharibika. Mtu aonaye hewa ukaa ikiingia baridi na methani ikitoka moto husema, bila shaka nikeli ndiyo iliyochochea. Hesabu yasema vingine. Kila molekuli ya hewa ukaa hula molekuli 4 za hidrojeni. Hidrojeni hiyo kama ingaliunguzwa yenyewe ingalitoa kilojuli 967. Methani iliyopatikana ikiunguzwa hutoa 802. Na tofauti ya tarakimu hizi mbili ni ile ile 165. Joto lililoonekana halikutoka katika nikeli wala katika hewa ukaa, bali ni sehemu ya mahari iliyomwagika njiani. Hidrojeni ilileta nishati yote, na methani haikubaki na yote iliyoletwa.

Jambo hili huonekana kwa namna ya ajabu katika kituo cha anga za juu kinachozunguka dunia. Mwaka 2010 mtambo wa Sabatier ulipelekwa huko, nao ulitumia pumzi za wanaanga pamoja na hidrojeni iliyobaki katika utengenezaji wa oksijeni. Kilichotakiwa kilikuwa maji. Methani, ambayo duniani ndiyo tunu, ilitupwa nje.

Sabatier hakuishia kuona tu; alitaka kujua kwa nini nikeli inaweza na risasi haiwezi. Alikata shauri kwamba juu ya uso wa metali huundwa muungano wa muda, usiodumu, ambao hushika na kisha kuachia. Kutokana na wazo hilo ilipatikana kanuni inayoitwa kwa jina lake: kishiko kisiwe hafifu mno, wala kisiwe kikali mno. Metali isiyoshika molekuli haiwezi kuilegeza. Metali inayoishika sana hujazwa pomoni ikawa haina nafasi ya kupokea nyingine. Kwa lugha ya mfano uliotangulia, mshenga asiyejulikana na wazee hasikilizwi, na mshenga anayempenda mno binti huishia kumwoa mwenyewe. Kazi ya wataalamu wa vichocheo kwa zaidi ya karne moja imekuwa kutafuta kishiko kilicho baina ya hivyo viwili, na kumlinda mshenga wao asiuawe, kwani nikeli ikiguswa na salfa kidogo tu hushikwa nayo moja kwa moja.

Njia ya pili ni ya shaba. Kampuni ya Kijerumani BASF ilianza mwaka 1923, huko Leuna, kutengeneza methanoli kwa wingi, kimiminika kinachowaka na kuchukulika kwa pipa. Kichocheo kilikuwa oksidi za zinki na kromi, na shinikizo lilihitaji kuwa mara 250 au zaidi ya lile la hewa ya kawaida. Mwaka 1966 kampuni ya Kiingereza ICI ilileta kichocheo cha shaba pamoja na oksidi za zinki na alumini, kinachofanya kazi kwa shinikizo la mara 50 hadi 100 na joto la nyuzi 200 hadi 300. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba kaboni ya methanoli hiyo hutoka katika monoksidi ya kaboni, iliyokuwa nyingi katika gesi ya kiwandani. Katika miaka ya 1980 uchunguzi kwa kaboni iliyotiwa alama ulionyesha kwamba hutoka zaidi katika hewa ukaa, iliyokuwamo kwa kiasi kidogo. Viwanda vilikuwa vikigeuza majivu kuwa fueli bila ya wenyewe kujua vizuri, na pengine hakuna kisa kinachofundisha zaidi jinsi ambavyo kichocheo huweza kutumika miaka mingi kabla ya kueleweka.

Shaba ina mipaka yake. Hewa ukaa ikigeuka methanoli huzaa maji pia, na maji hayo huzifanya chembe ndogo za shaba zisogeleane na kuungana, hata uso wa kufanyia kazi ukapungua. Zaidi ya hayo msawazo wenyewe hauruhusu gesi yote igeuke kwa mpito mmoja. Hugeuka sehemu ndogo tu, na iliyobaki huzungushwa tena. Hapo kichocheo bora hakisaidii kitu, maana kipenyo cha mlimani hakihamishi kijiji.

Gharama ya njia hii yaweza kukadiriwa na mwanafunzi yeyote. Tani moja ya methanoli huhitaji kilo 1,375 za hewa ukaa na kilo 188 hivi za hidrojeni. Hidrojeni isiyotokana na gesi asilia wala makaa hupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme, na kila kilo moja hula kilowati-saa 50 hivi. Jumla ni kama 9,400. Methanoli iliyopatikana ikiunguzwa hutoa kilowati-saa 5,500 hivi. Katika kila sehemu 10 zilizoingia zimebaki karibu 6, kabla ya kuhesabu kazi ya kukamata hewa ukaa, kuisafisha na kuishindilia. Tena methanoli hiyo ikisha kuungua, kilo zile zile 1,375 za hewa ukaa hurudi angani. Faida iko mahali pamoja tu: mafuta ya ardhini yaliyoachwa yakae ardhini kwa sababu methanoli imechukua nafasi yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuulizwa juu ya kila kiwanda cha namna hii si kichocheo chake ni kipi, bali mahari imelipwa na nani. Huko Svartsengi, Aisilandi, kilijengwa kiwanda kilichopewa jina la George Olah, mwanakemia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, aliyeitetea methanoli kwa bidii kuliko wote. Kuanzia 2012 kilitumia hewa ukaa itokayo pamoja na mvuke wa ardhini, na umeme wa nchi ile, ambao hutokana na maji na mvuke. Uwezo wake ulikuwa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka. Hapo mahari ililipwa na volkano na mito. Huko Anyang, katika jimbo la Henan, China, kiwanda kikubwa zaidi kilianza 2022, chenye uwezo wa tani 110,000 kwa mwaka. Hewa ukaa yake hutoka katika tanuri za chokaa, lakini hidrojeni yake hutoka katika gesi ya matanuri ya makaa ya mawe. Kichocheo katika viwanda vyote viwili ni cha ukoo mmoja, wa shaba, na katika magazeti vyote viwili husifiwa kwa maneno yale yale. Mtu mwenye kupima mambo hataviweka katika mzani mmoja.

Iko njia nyingine ambayo imewavutia wataalamu na kuwachosha kwa muda mrefu, kwa sababu hula gesi joto mbili kwa pamoja. Mwaka 1928 Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch walieleza jinsi ya kumenyusha hewa ukaa na methani, hata zikatoa monoksidi ya kaboni na hidrojeni. Mchanganyiko huo ndio mama wa fueli nyingi: kwa kichocheo cha chuma au kobalti hugeuzwa mafuta ya magari, kwa njia ambayo mabwana hao hao walikuwa wameigundua mjini Mülheim miaka michache kabla, na ambayo tangu 1955 imetumika Sasolburg, Afrika Kusini, ijapokuwa huko mali ghafi ilikuwa makaa ya mawe na hewa ukaa ikatolewa kwa wingi badala ya kuliwa.

Mmenyuko wa 1928 hautoi joto, hulila. Kila gramu 44 za hewa ukaa hudai kilojuli 247, na chombo hakina budi kuwa na joto la nyuzi 700 hadi 900. Nikeli huifanya kazi hiyo kwa bei nafuu, lakini huugua maradhi ya jikoni kabisa: masizi. Methani inapovunjwa, kaboni huachwa juu ya nikeli, hukua kama nyuzi nyembamba, huziba uso wa metali, na mara nyingine huzing'oa chembe za nikeli mahali pake. Chembe nazo, kwa joto hilo, hutembea na kuungana zikawa kubwa, na kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo masizi yanavyozidi. Rodi na rutheni hazipati masizi sana, lakini ni metali za bei ya vito, na kiwanda cha fueli hakiwezi kujengwa kwa vito.

Mwaka 2020 wataalamu wa chuo cha KAIST, Daejeon, Korea Kusini, wakiongozwa na Cafer Yavuz, walitangaza dawa ya maradhi haya. Walichukua nikeli pamoja na molibdeni kidogo, wakaiweka juu ya fuwele safi za oksidi ya magnesi. Ilipopashwa moto, chembe za metali zilitembea juu ya fuwele kama kawaida yake, lakini zilipofika kwenye kingo za ngazi za fuwele zilinasa hapo hapo, zikabaki ndogo na mbalimbali. Kingo hizo ndizo pia mahali ambapo masizi hupenda kuanzia, nazo zikawa zimekwisha kuzibwa. Kichocheo kilifanya kazi zaidi ya saa 850 mfululizo kwa joto la nyuzi 800 bila ya kuonyesha dalili ya kuchoka. Hii ni kazi ya kusifiwa sana, na inafaa isifiwe kwa kile ilichofanya: mshenga amepata umri mrefu. Zile kilojuli 247 ziko pale pale.

Juu ya njia ya umeme yatosha kusema machache. Yoshio Hori wa Chiba, Japani, alionyesha kuanzia mwaka 1985 kwamba hewa ukaa iliyoyeyuka majini huweza kugeuzwa moja kwa moja kwenye elektrodi, bila ya hidrojeni kutengenezwa kwanza mahali pengine. Alijaribu metali moja moja. Dhahabu na fedha zilitoa monoksidi ya kaboni. Shaba peke yake ilitoa methani na ethileni kwa kiasi cha maana. Na nikeli, iliyoshinda huko Toulouse, hapa iliyapasua maji tu, kwa kuwa ilishikana na monoksidi ya kaboni isiiachie. Kanuni ya kishiko ilithibitika tena, ila kwa watu wengine na mahali pengine. Taabu ya shaba ni kwamba hutoa zaidi ya vitu kumi kwa pamoja, na kuvitenga ni kazi ghali kuliko kuvitengeneza.

Baada ya safari hii ya Ulaya na Asia, mfano ulio mkubwa kuliko yote uko katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili, karibu na yale mazuku yaliyotajwa, chini ya maji ya Ziwa Kivu. Katika vilindi vya ziwa hilo, baina ya Kongo na Rwanda, zimeyeyuka kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ukaa na kama 60 za methani, zikipimwa kwa shinikizo la kawaida. Hewa ukaa kwa sehemu kubwa hutoka katika volkano. Methani kwa sehemu hutengenezwa kutokana na hewa ukaa hiyo na viumbe vidogo mno vya jamii ya arkea, ambavyo huiunganisha na hidrojeni inayotokana na kuoza kwa mimea na wadudu walioanguka chini. Ni mmenyuko wa Sabatier wenyewe, bila tanuri, katika maji yenye joto la nyuzi 26 hivi. Na katikati ya molekuli inayomaliza kazi hiyo ndani ya kiumbe imo atomu moja ya nikeli. Metali ile ile iliyochaguliwa na profesa wa Toulouse ilikuwa imekwisha kuchaguliwa Kivu kabla hapajakuwa na maprofesa.

Hapa napo mahari imelipwa: jua liliotesha mimea, mimea ikafa, na hidrojeni yake ikaingia kazini. Kilichopatikana kwa karne nyingi kimeanza kutumiwa kwa muda mfupi. Mwaka 1963 gesi ilianza kuvutwa Rubona karibu na Gisenyi kwa ajili ya kiwanda cha bia, na tangu mwisho wa 2015 mtambo wa KivuWatt, upande wa Karongi, umeitumia kutoa umeme wa megawati 26. Mtu akiziona gesi hizo mbili mahali pamoja atakumbuka mara moja mmenyuko wa Fischer na Tropsch, na huenda akauliza kwa nini hewa ukaa hutengwa na kuachwa badala ya kuunganishwa na methani. Jibu ni kwamba joto la nyuzi 800 lingepatikana kwa kuunguza sehemu ya methani yenyewe, na hesabu ingeanza upya.

Yabaki mambo mawili ya istilahi. Viumbe vya Kivu hufanya kazi kwa kile ambacho vitabu vya biolojia hukiita *kimeng'enya*, jina lililotolewa katika mmeng'enyo wa chakula, yaani kuvunjavunja. Lakini kimeng'enya cha arkea hutengeneza methani. Ni mjenzi anayeitwa mvunjaji. Na *kichocheo* chenyewe hutumika pia kwa homoni, na kwa dawa za kumtia mwanariadha nguvu, na kwa jambo lolote linaloamsha hisia. Hali hii huizidisha ile maana ya kuongeza kitu. Si rahisi sasa kuyarudisha maneno haya kwa mfua chuma yakafuliwe upya, wala haifai, maana yamekwisha kukaa vinywani mwa walimu na wanafunzi. Kinachoweza kurekebishwa ni kitenzi kinacholifuata jina. Mfasiri anayeandika kwamba kichocheo *huzalisha* mafuta kutokana na hewa ukaa, au kwamba *hukipa* kiwanda nguvu, ameandika uongo kwa sarufi sahihi. Akiandika kwamba hidrojeni *huigeuza* hewa ukaa kuwa methanoli *juu ya* kichocheo cha shaba, kwa umeme wa mvuke wa ardhini, sentensi yake itakuwa ndefu kidogo, na kila mwenye kulipa atakuwamo ndani yake.